Nilivyorudi Kariakoo Kutafuta Tusi Moja

Wenzangu wa Kibokoni, Mombasa, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake mbona niliahidi kupiga simu nikifika Dar es Salaam, kisha nikanyamaza wiki mbili nzima. Mmoja wenu alidhani naumwa, mwingine akadhani nimeoa. Sikuumwa, na mwanamke wa kunivumilia kwa umri huu hajapatikana. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado safarini. Basi lilinishusha siku ile ile mliyonisindikiza, ila kufika kwenyewe kulichukua muda. Niwaeleze kituo kwa kituo.

Kutoka Likoni hadi mpakani

Mlinipakia vikapu vitatu kana kwamba nakwenda mji usio na chakula. Halua peke yake ilikuwa boksi nne. Basi lilikuwa liondoke saa moja asubuhi, lakini saa mbili na nusu tulikuwa bado Likoni tunangoja kivuko, na dereva ameshuka kunywa chai bila haraka, kama mtu aliyealikwa.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa Tanga, Bi. Rukia, mnene na mchangamfu, anakwenda Dar kumwona mjukuu aliyezaliwa wiki iliyopita. Kiti cha dirishani kilikuwa changu. Alikikalia yeye, akaniambia, "Wewe mzee utalala tu. Mimi nitaangalia kwa niaba yetu sote wawili."

Nilimkaribisha mahamri yenu. Alitafuna moja, akalichungulia ndani. "Baba, hili limejaa upepo. Huko Mombasa mnakula hewa?" Kisha akala manne.

Nilicheka, halafu nikafunika kikapu. Miezi mitatu ile mlinikirimu kweli kweli, Mombasa, Malindi, Lamu, kila nyumba naitwa mgeni na kuwekewa mto. Hakuna hata mmoja aliyenidharaulia kitu. Mtu pekee anayenidharaulia chakula changu, kofia yangu na ukoo wangu alikuwa ananisubiri Kariakoo, na sikuwa na hakika kama ananisubiri.

Ya foleni na mihuri siyaandiki, mnayajua. Upande wa pili, Horohoro, kijana mmoja muuza korosho alisimama chini ya dirisha akasema, "Shikamoo, babu."

"Salama, mwanangu," nikamjibu.

Hakuondoka. Alinitazama, nami nikamtazama. Bi. Rukia akanigonga bega. "Mwitikie mtoto wa watu! Amekushika miguu, wewe unamwambia salama!"

"Marahaba, marahaba," nikasema mara mbili, ya pili kama fidia. Yule kijana akacheka akaenda zake. Nimeishi nchi hii zaidi ya miaka arobaini, na miezi mitatu ilikuwa imetosha kuitia kutu adabu niliyoipata humo.

Mkata, mahali ambapo mkanda ulikatika

Tanga tulikula wali na samaki, na baadaye machungwa ya Muheza yakapandishwa madirishani kwa ndoo. Bi. Rukia alikuwa amemenya la tatu tulipofika Mkata, na hapo basi likatoa mlio kama wa mbuzi na kusimama. Mkanda wa feni umekatika.

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza cherehani. Nilishuka, nikainama karibu na dereva, nikamweleza namna ya kufunga mkanda kwa muda. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, hii siyo cherehani." Akamtuma konda kwa bodaboda arudi Segera kutafuta mkanda mwingine. Tukatandika kanga za akina mama chini, abiria wote, tukakaa.

"Mbona unautazama huo mfuko wa halua kama umebeba maiti?" Bi. Rukia akaniuliza.

Sijui kwa nini nilimjibu. Labda kwa sababu nilijua hatutaonana tena. Nilimwambia, na ninyi nawaambia leo, kwa kuwa mlipokuwa mnanikirimu nilikuwa nawaficha.

Kariakoo nafanyia kazi barazani pa duka la kanga la Bwana Awadhi, mtu ambaye babu yake alikuja kutoka Yemeni. Upande mmoja wa baraza nakaa mimi na cherehani zangu. Upande wa pili anakaa Kondo, fundi viatu, Mzaramo wa hapo hapo mjini. Ni miaka thelathini sasa.

Huku kabila na kabila zina utani wa tangu enzi za mababu. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana hadharani, kukunyang'anya kofia, kukuita mwizi mbele ya mkweo, na wewe huna ruhusa ya kununa. Lakini kazi yake kubwa iko msibani. Watu wanapokuwa wamezama kwenye kilio, mtani huingia na vituko. Huvaa nguo ya marehemu, huiga mwendo wake na sauti yake, hudai sahani yake ya wali, hadi waliofiwa wacheke na machozi yao usoni. Nisingeamini kama nisingeona kwa macho yangu jinsi mtu anavyoweza kupumua baada ya hapo.

Mimi wa Mombasa sikuwa na mtani mji huu. Siku ya kwanza Kondo aliniuliza mtani wangu ni nani. Nilipomwambia sina, alistuka. "Sasa wewe ukifa nani atakucheka? Basi mtani wako ni mimi." Papo hapo akaniambia nina miguu kama miiko ya uji. Tangu siku hiyo hatujawahi kuamkiana kwa heshima. Wateja wengine huja barazani bila cherehani wala kiatu, wamekuja kusikiliza.

Mwezi wa sita nikaja kwenu. Nilikuwa Lamu, wiki ya tatu, Kondo aliponipigia. Dada yake mkubwa, Bi. Mwajuma wa Magomeni, amefariki. Watani wake wa ukoo, wale Wanyamwezi wa mtaani kwetu, walishahama nyumba zilipouzwa zijengwe maghorofa. "Njoo, mtani," akaniambia. "Huku hakuna wa kutuchekesha."

Mazishi nisingewahi. Nikaahidi arobaini. Nafasi ya basi ilikuwepo, afya ilikuwepo. Siku tatu kabla ya arobaini nilimpigia kwa simu ya mpwa wangu, yangu haina chaji, nikamwambia kiuno kimenibana, siwezi kukaa ndani ya basi. Yeye akanipa pole, akaniambia nisugue mafuta ya nazi yenye moto. Kesho yake tulikwenda Manda kula samaki ufukweni, mnakumbuka, na mpwa wangu akanipiga picha nimenyanyua kichwa cha samaki kwa mikono miwili, meno yote nje. Akaiweka kwenye status ya simu yake watu waione. Namba ya Kondo ilikuwa imebaki humo, na mjukuu wa Kondo, anayechezea simu ya babu yake, huwa hapitwi na picha.

"Ukadanganya kiuno!" Bi. Rukia alisema kwa sauti iliyofika mpaka upande wa pili wa barabara.

"Nilidanganya."

"Kwa ajili ya samaki?"

Nilitaka kusema ndiyo, maana uroho unasameheka. Lakini samaki alikuwa kisingizio. Bi. Mwajuma alinilisha mimi miaka mingi. Nilipowaza kusimama mbele ya watoto wake niwachekeshe kwa ajili yake, niliogopa nitalia mimi. Hata marehemu mama yangu nilichelewa kumzika kwa woga huo huo, na mabasi yalikuwepo vilevile. Nikamwambia hivyo.

Abiria walikuwa wameshasogea. Kijana mmoja alitoa visikizio masikioni. "Mzee, mtumie ujumbe wa sauti tu, yataisha."

"Mpelekee mbuzi," akasema mfanyabiashara wa vitunguu.

"Mbuzi wa nini?" Bi. Rukia akamkata. "Mtani hapatanishwi kwa mbuzi. Baba, nisikilize. Ukifika, akikutukana, umepona. Akikupa heshima," akanitazama kwa huruma kabisa, "panda basi urudi kwenu."

Mkanda ulifika saa kumi. Kila aliyepita kwenye kiti changu kuanzia hapo aliniuliza, "Kiuno kinaendeleaje?"

Mbezi hadi mlangoni kwangu

Stendi ya Mbezi tuliagana. Bi. Rukia alichukua boksi moja la halua bila kuombwa, "ya mjukuu," ingawa mjukuu hakuwa na jino. Nikapata bajaji, dereva kijana mwenye kofia ya kuficha masikio.

Usiku ulikuwa umeshatanda tulipoingia Kariakoo, na wamachinga walikuwa wanasukuma bidhaa zao hadi katikati ya njia, kipaza sauti kimoja kinauza sumu ya panya, kingine kinauza sidiria. Nilimwambia dereva anyooke, kisha kushoto kwenye nyumba ya bati jekundu. Tukakata kushoto. Tukatokea tulikotoka.

Mara ya tatu akazima injini. "Babu, unaishi huku kweli?"

"Tangu kabla baba yako hajazaliwa."

"Sasa mbona tunazunguka kama tunatafuta mwizi?"

Nyumba ya bati jekundu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na shimo na mabati ya uzio, na nondo zimesimama. Mwenye duka la soda akapiga kelele, "Mzee Omari! Nyumba yako ni hiyo, umeipita!" Kweli nilikuwa nimeipita. Bila ile ya jirani ilionekana ndogo.

Chumbani, vumbi lilikuwa limetanda kitandani na mende wamejipangisha. Nilifagia, nikatandika, nikala mahamri yaliyobaki. Nilitaka kuwapigieni. Nikasema nitapiga kesho, nikishaonana na Kondo, ili niwe na habari nzuri.

Asubuhi ya kwanza barazani

Kwa desturi, nikitoka safari hata ya siku mbili, Kondo hunipokea nikiwa bado kule kwenye kona. "Mmeona? Kwao wamemchoka, wamemrudisha!" Mimi humjibu kwamba Wazaramo waliuza mashamba yote wakabaki na ngoma, na siku inaanza.

Asubuhi ile nilifika na boksi la halua chini ya kwapa. Kondo alikuwa ameinamia kiatu. Akaniona. Akaweka nyundo chini taratibu, akainuka, akajifuta mikono, akaja kunipokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana, Bwana Omari. Pole na safari."

"Nimeshapoa."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Alhamdulillahi. Tunamshukuru Mungu amekurejesha salama."

Bwana Awadhi alikuwa anatundika kanga mlangoni. Mikono yake ilibaki juu hewani. Mama Zai, anayetuuzia chai na chapati, alinong'ona, "Mungu wangu."

Nikampa halua. Akaipokea kwa mikono miwili vilevile. "Ahsante sana. Umefanya jambo jema." Akarudi kwenye kiatu chake.

Sijawahi kupigwa kofi zito kama lile.

Wiki ya heshima

Maisha lazima yaendelee. Cherehani mbili nilizoziacha zilikuwa zimeshika kutu, na wateja wangu wengine wamehamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Ilinibidi nizoee upya kelele za huku, na chai isiyo na iliki, na vijana kunipita wakisema "Mzee baba, mambo vipi," nami kujibu "poa" kabla hawajafika kona. Hayo yalirudi kwa siku mbili tatu. Mkono ulikumbuka mafuta yanatiwa wapi, na mgongo ukakumbuka nguzo ya kuegemea.

Kondo ndiye hakurudi. Jua lilipozunguka alinisogezea benchi kivulini. Kahawa ikipita, aliniagizia mimi kwanza. Nilipopiga chafya alisema, "Yarhamuka Llah."

Siku ya tatu nikajaribu. Nikasema kwa sauti, barabara nzima isikie, "Huyu Mzaramo ameshona kiatu cha kushoto mguu wa kulia! Ndiyo maana kwao wanatembea kama kaa!"

Watu wakageuka, wanangoja. Kondo akakitazama kile kiatu.

"Inawezekana nimekosea," akasema. "Ahsante kwa kunielekeza."

Mteja wake akashika kichwa. "Wazee, vipi, mmegombana?"

"Hapana, mwanangu," akajibu Kondo. "Huyu ni mtu mzima mwenzangu. Tunaheshimiana."

Siku ya tano Mama Zai alikuja kuchukua vikombe, akasimama mbele yangu. "Babu Omari, ulimfanya nini mwenzio? Maana heshima hiyo, hata mimi inanitisha."

"Nilimkosea."

"Umemwomba radhi?"

Nilikuwa nimemwomba siku ya pili, nilipompata peke yake. Alinijibu kwamba binadamu hakosi dharura, na kwamba hana kinyongo na mtu. Maneno mazuri, yanafaa kuandikwa ukutani. Bwana Awadhi naye akaniita ndani ya duka. "Sikia, ndugu yangu. Watu walikuwa wanakuja kuwasikiliza ninyi, wake zao wananunua kanga. Sasa barazani kwangu pamekuwa kama hospitali. Malizaneni."

Kwenda Feri

Nikaona nimpelekee samaki. Mnaona akili yangu ilivyo. Samaki ndiye aliyeniponza, na mimi nafikiria samaki. Nilishuka Feri, kwenye soko la samaki, kwa miguu asubuhi mapema, nikachagua samaki aina ya changu, wawili wanene, nikawapeleka kwa mkaangaji aniparie.

Mkaangaji aliinua uso kutoka kwenye karai. Alikuwa Zuhura, binti mkubwa wa marehemu Bi. Mwajuma. Nilijua anakaangia Feri, nilikuwa nimejisahaulisha.

"Shikamoo, mjomba Omari."

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Poleni sana."

"Tumeshapoa." Akanitazama kiunoni, simsingizii. "Na wewe pole kwa kuumwa."

Mafuta yalikuwa yanachemka kwa nguvu. Nikaona hapa nikimeza mate nikaondoka, nitakuwa nimeondoka moja kwa moja.

"Sikuumwa, Zuhura. Nilimdanganya mjomba wako. Niliogopa kuja."

Aligeuza kipande cha samaki, kisha kingine. "Tulijua. Tuliiona picha." Halafu mdomo wake ukachezacheza kidogo. "Mjomba, unajua msiba ule ulikuwaje? Siku tatu watu wamekaa wameinama kama wanatafuta sindano. Hakuna aliyecheka hata kwa bahati mbaya. Mama angeona vile angetufukuza wote nyumbani kwake."

"Angetufukuza na ule mwavuli wake wa kutembelea."

"Na mwavuli," akasema, na akacheka pumzi moja tu, kisha akajifuta macho kwa kiganja, akisingizia moshi. "Ijumaa baada ya sala tunamsomea Yasini pale nyumbani. Mjomba Kondo atakuwepo. Njoo ule."

Nikamwachia samaki wote wawili, nikarudi mikono mitupu.

Kuvuka Jangwani

Ijumaa nilivaa kanzu, nikasali, nikaanza kutembea kwenda Magomeni. Ningeweza kupanda bajaji. Nilitaka njia iwe ndefu. Bonde la Jangwani lilikuwa kavu, vijana wanacheza mpira kwenye vumbi, nami napita pembeni nikifanya mazoezi kwa sauti ya chini, mpaka golikipa mmoja akaniuliza, "Babu, unaongea na nani?"

"Na marehemu."

Akaniachia njia pana.

Nilijua hatari ya kituko nilichokusudia. Mtani ana siku zake, na siku zangu zilikuwa zimepita zaidi ya mwezi. Kituko kikija msiba ukiwa umepoa, kinaweza kuwa tusi la kweli, na ndugu wana haki ya kukutoa nje. Nikifukuzwa pale, Kondo atanisogezea benchi kivulini hadi tufe.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume ukumbini, wanawake uani kwenye mikeka, Yasini imeisha, pilau linapakuliwa. Nilipitia mlango wa nyuma nikamkuta Zuhura jikoni.

"Nipe kanga ya mama yako. Na mwavuli."

Aliweka mwiko chini. Kisha akaingia ndani, akatoka navyo.

Nilijifunga kanga juu ya kanzu, nyingine nikajitanda kichwani. Nikashika kiuno, nikainama kidogo mbele, nikaingia uani nikigonga mwavuli sakafuni, ko, ko, ko, kama alivyokuwa akiingia Bi. Mwajuma nyumba yoyote yenye harufu ya chakula. Nikafunua sufuria ya kwanza.

"Nani kapika hili?" Sauti ilitoka nyembamba, yenyewe kabisa. "Hili pilau au uji wa wagonjwa? Aje hapa nimwombee dua apate akili!"

Kijiko kilianguka mahali. Wanaume wakatokea mlangoni, Kondo akiwa mbele.

Nikafunua ya pili. Nikachovya kidole, nikalamba. "Na chumvi mmetia kwa mkopo? Na yule Mmombasa yuko wapi? Eti anaumwa kiuno! Kiuno gani hicho kinauma mtu yuko pwani amekumbatia samaki kama bibi harusi? Nimemlisha mwongo yule miaka thelathini, nimekufa, hata kuja kunisindikiza hakuja! Mleteni hapa! Mleteni nimpige na..."

Hapo sauti ikanikatika. Kile nilichokiogopa kule Lamu kikanifika pale pale, mbele ya watu wote, na mwavuli juu. Nikalia kama mtoto, nimevaa kanga.

Kondo akatoka mlangoni, akanijia.

"Kushoto," akasema Kondo.

Nikageuka. "Nini?"

"Dada alikuwa anashika kiuno cha kushoto. Wewe umeshika cha kulia." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Miaka thelathini unakula kwake, hujui hata alikuwa anashika kiuno kipi! Mmombasa mwongo wewe! Mzee mzima kujipitisha uani kwa watu kama mbuni aliyenyonyolewa manyoya! Kwenu wamekurudisha kama mzigo uliokosa mwenyewe bandarini, na wewe unakuja kutuharibia dada yetu! Lete hiyo kanga!"

Akaninyang'anya kanga na mwavuli. Akajifunga yeye, akashika kiuno cha kushoto, akainama. "Hivi! Tazama, bata wewe! Hivi!" Akauzunguka ua, ko, ko, ko, na alikuwa dada yake mtupu, kidevu kile, nyonga ile. Zuhura alipiga ukelele wa kicheko, akajitupa kwenye bega la mdogo wake, na ua wote ukafuata. Wanawake walicheka wakilia, wanaume wanashikilia milango. Kondo machozi yalikuwa yanamchuruzika hadi kwenye ndevu na bado anatembea, nami nyuma yake nafuata, kiuno cha kushoto, na yeye anageuka kila hatua tatu kunitukana kwamba bado sijapatia.

Tulipochoka, nilikaa mkekani ili nile. Zuhura akaniletea sahani. Kondo akaipokea njiani.

"Huyu hali. Huyu mgonjwa." Akanionyesha kisimani kwa kidole. "Siku ya arobaini mtani ndiye aliyekuwa akoshe vyombo, na hakuonekana. Sufuria zile pale."

Nikakunja mikono ya kanzu. Zilikuwa sufuria nne kubwa na chano kimoja, na ukoko umeshikamana chini. Kondo alivuta kigoda akakaa mbele yangu na sahani yangu mapajani, akila. Kila nilipomaliza sufuria aliinyanyua juani, akaizungusha, akachungulia ndani kwa jicho moja, akanirudishia.

"Bado," akasema. "Sugua, mwizi wewe."